Redio ya VHF ya mkononi kwenye boti ndogo: uzoefu wangu

Kwa boti ndogo, redio hii ya mawasiliano ya baharini (VHF), yenye GPS ndani na kitufe chekundu cha dharura naipa nyota nne kati ya tano. Simu huita mtu mmoja, tena kama mtandao upo. Ukiita kwenye chaneli 16, ya dharura na kuitana, kila chombo cha karibu kinachosikiliza kinakupata, na mara nyingi msaada wa haraka hutoka kwa jirani.

Kitufe kina kifuniko, kwa hiyo hakibonyezwi kwa bahati mbaya. Ukikishikilia sekunde kadhaa, redio inarusha kwenye chaneli 70, ya wito wa kidijitali, namba yako ya utambulisho, MMSI, yenye tarakimu 9, pamoja na mahali ulipo. Namba hiyo huombwa kwa mamlaka husika, kisha unaiingiza mwenyewe. Kijitabu cha maelekezo kimeigusia juu juu tu kurasa za mwisho, na hapo nawalaumu watengenezaji, maana bila namba hiyo kitufe ni pambo.

Kuhusu hali ya hewa, usiitegemee peke yake. Siku wingu lilipopanda na kutanuka juu kama fuawe, redio ilikuwa kimya, hakuna tahadhari iliyotangazwa. Upepo ulikufa, kisha ukageuka ghafla ukawa wa baridi, na mvua bado. Baridi hiyo ndiyo ya kuogopa: ni hewa inayoporomoka kutoka winguni, nayo hutangulia dhoruba. Nilihesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo (sekunde 3 ni kama kilomita 1), zikawa zinapungua. Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwa tayari mwilini. Abiria wakakaa chini katikati, nikapunguza mwendo na kuyakabili mawimbi kwa mshazari.

Injini ilipozima, tulitupa nanga kutoka omo, yaani mbele ya boti. Kuifunga tezi, yaani nyuma, ni kuyakaribisha maji ndani. Nikaita PAN-PAN, wito wa kuomba msaada wa haraka, mara tatu. Sikuita MAYDAY, wito wa hatari kubwa ya maisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa hatarini kufa wakati huo. Nikataja jina la boti, mahali, tatizo na idadi ya watu. Chombo kimoja kilijibu upesi, kikakaa karibu nasi mpaka injini ilipowaka.

Kasoro zipo. Maji yakijaa kwenye kipaza sauti, sauti inakwaruza mpaka uikung'ute. Alama ya betri nayo ni mwongo: inaonyesha nusu, mara kifaa kimezima. Redio ikianguka majini inaelea na kuwasha taa, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Nguvu yake ni wati 5, na mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo kati ya redio mbili za mkononi tegemea maili chache tu. Kama boti yako ina betri, funga kwanza redio ya wati 25 yenye antena juu, hii ya mkononi ikae kwenye jaketi la nahodha.