Kitabu cha historia: cha karatasi au cha kwenye simu?

Ukiwa Lindi au Mtwara, bei ya kitabu cha karatasi haiishii dukani. Ongeza gharama ya kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam. Cha simu kinafika papo hapo, na ukitafuta "Tendaguru" unaangukia moja kwa moja kwenye uchimbaji wa mifupa ya dinosaria wa 1909 hadi 1913 katika kilima hicho cha Lindi.

Ila ramani ya Kilwa Kisiwani kwenye simu ni mateso: ukikuza magofu ya kasri la Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu unatoka nje ya kioo. Hapo karatasi inashinda kabisa. Adui yake ni unyevu wa pwani. Kurasa huota ukungu, gundi ikaachia. Rafu isigusane na ukuta.

Mwalimu anayefundisha Vita vya Majimaji achukue karatasi, ipite mikono ya darasa zima. Msafiri wa Mikindani simu inamtosha, mradi apakue kabla ya kuondoka.