Darasa la kabla ya oparesheni ya goti, mimi nalipatia nyota nne

Jamani hii huduma ya kukalishwa chini na kuelezwa kabla hujabadilishwa goti ni ya maana sana. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) aliyetufundisha hakutupambia maneno hata kidogo, alisema wazi utasimamishwa siku ileile au kesho yake na itauma, uvimbe unaweza kukaa miezi, pembeni ya kovu ngozi inaweza kufa ganzi, na kupiga magoti huenda kusiwe raha tena. Alafu akamuuliza kila mtu, wewe unataka goti likufanyie nini? Mzee mmoja akasema anataka kukimbia, akaambiwa kwa upole kwamba kutembea na kupanda ngazi hilo ndo la kutegemea, na mi nikaona uso wake ukibadilika ila maswali yakaanza kumtoka ya maana.

Na sio maneno tu, kwa goti inatajwa karibu mgonjwa 1 kati ya 5 haridhiki baadae, na moja ya sababu kubwa ni kutegemea makubwa kuliko uwezo wa oparesheni yenyewe. Ila kukata tamaa nako hakusaidii, kule Ujerumani utafiti wa PSY-HEART wa 2017 kwa wagonjwa wa bypass ya moyo (oparesheni ya kutengeneza njia mpya ya damu kupita mishipa iliyoziba) ulionyesha walioandaliwa matarajio yao kabla walikuwa na ulemavu mdogo miezi 6 baadae kuliko waliopata huduma ya kawaida tu.

Nyota moja nimeikata kwasababu familia hazikualikwa, na nyumbani wao ndo wanakwambia pumzika tu, kaa, usijitese, wakati goti linataka mazoezi.