Milango myepesi ya kompoziti: ipi ya bafuni, ipi ya mbele, ipi ya kuachana nayo

Kabla hujauliza bei, ugonge mlango kwa kifundo cha kidole. Anzia upande wa bawaba, pita katikati, malizia pale kitasa kitakapokaa. Mlango mwepesi wa kompoziti, yaani wa vitu mbalimbali vilivyounganishwa, huwa mtupu kiasi ndani, na hilo si kosa. Ndiyo maana mtu mmoja anaubeba begani. Ila ukifika kwenye kitasa sauti ibadilike, iwe nzito, maana hapo panatakiwa kuwe na kipande cha mbao cha kukishika. Milango mingine ina kipande hicho upande mmoja tu, na kiwandani huweka alama ukingoni. Fundi asipoiangalia atatoboa upande mtupu, na kitasa kitaning'inia kwenye ngozi, yaani ubao mwembamba wa usoni, ya milimita 3.

Mistari ya mbao unayoiona usoni huchapishwa juu ya kitu chochote, kwa hiyo nimeipanga milango hii kwa kilichomo ndani.

Namba moja kwangu ni WPC, kwa sababu moja tu: maji. Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, mara nyingi PVC, ukasukumwa mashineni ukatoka ubao wenye mashimo marefu ndani. Niliwahi kuweka mlango wa MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, bafuni kwa vile ulifanana na wa chumbani. Haikupita miezi mingi, ukingo wa chini ukavimba kama mkate uliolowa, mlango ukaanza kukwaruza sakafu. Fundi akaupiga randa, kumbe ndiyo kaufungulia maji njia. Wa WPC uliochukua nafasi yake hauna habari na maji. Una masharti yake, lakini: skrubu zitobolewe njia kwanza, na muuzaji akuoneshe kwamba sehemu za bawaba na kitasa zimeimarishwa kwa ndani. Usiuweke mahali pa jua kali, hasa wa rangi nyeusi au ya kahawia iliyokolea. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 za Selsiasi hivi, na mlango mweusi juani hupata joto kuliko unavyodhani, ukapinda.

Wa pili ni mlango wa faibaglasi (plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo) wenye povu la poliyurethani ndani. Huu ni wa mbele ya nyumba, na nyumba haihitaji mingi. Kama kuna mahali pa kuongeza hela, ni hapa. Povu lile huzuia joto na baridi kuliko mbao nzima ya unene uleule, na faibaglasi haipindi ovyo kwa mvua na jua. Tatizo liko kwenye vipimo. Mlango wa mbao ukizidi kidogo unapigwa randa, mambo yanakwisha. Huu ukiukata kupita kiasi alichoruhusu mtengenezaji, umefungua povu. Pima fremu sehemu tatu, juu, katikati na chini, kisha uandike kipimo kidogo kuliko vyote. Na kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, usalama wote uko kwenye kufuli: dai kitasa chenye makomeo kadhaa, si kimoja cha katikati.

Kwa vyumba vya kulala nachukua chipbodi (ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa) yenye matundu marefu kama mabomba, iliyofunikwa kwa ubao laini. Ni mizito kiasi, lakini ndiyo bei ya utulivu. Kelele huzuiwa na uzito, na anayekuahidi mlango mwepesi kama karatasi usiopitisha sauti anakudanganya mchana kweupe. Ukitaka kutundika ndoano ya nguo, hapa skrubu inashika.

Wa nne ni ule wa karatasi ngumu iliyopangwa kama sega la nyuki. Stoo, kabati la ukutani, basi. Skrubu ya ndoano ukiifunga inazunguka tu, na ngumi moja inatosha kuutoboa.

Wa mwisho, na mimi siununui, ni ule wa plastiki tupu ya vipande vilivyochomekwa pamoja. PVC hutanuka kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mlango wa mita 2 ukipanda nyuzi 30, unarefuka milimita 4 na ushee. Mchana hauingii kwenye fremu, usiku unagongagonga.

Kuna mlango mmoja wa kuutoa kabisa kwenye hesabu hii: ule unaotenganisha gereji na nyumba, au unaofungua kwenye ngazi za jengo la ghorofa. Hapo nunua mlango wa kuzuia moto uliojaribiwa pamoja na fremu na bawaba zake. Wa kuzuia moto kwa dakika 30 kwa kawaida una unene wa milimita 44, na mwepesi hauwi.

Mzigo ukishafika, ilaze milango kwenye sakafu iliyo sawa, usiiegemeze ukutani wiki nzima. Bawaba ziwe tatu, hata kama fundi anasema mbili zinatosha kwa mlango mwepesi. Ya katikati ndiyo inayouzuia usipinde. Na kwa ile ya chipbodi na sega, mwambie apake rangi ukingo wa juu na wa chini kabla hajaufunga, kisha upitishe kidole chini uone kama kinatoka na rangi.