Thioflavini T kama kipimo cha DNA ya G4: inafaa mlangoni, haitoshi mahakamani

Thioflavini T haikuingia maabara kwa ajili ya DNA. Tangu 1959, Vassar na Culling walipoitumia kuonyesha amiloidi, yaani mabonge ya protini zilizogandamana, chini ya hadubini, unga huu wa njano umekuwa mali ya watu wa protini. Mwaka 2013 Jyotirmayee Mohanty na wenzake wa Mumbai wakaonyesha kwamba rangi hiyo hiyo huwaka sana ikikutana na DNA ya telomea (ncha ya kromosomu) ya binadamu iliyojikunja kuwa G4, umbo la nyuzi nne. Kuanzia hapo kila mwenye floromita, mashine ya kupima mwako, na kipande cha DNA chenye gwanini nyingi anaitaka.

G4 si ngazi iliyosokotwa tuliyoizoea. Gwanini nne, zile herufi G za DNA, hushikana kwa vifungo vya Hoogsteen, tofauti na vile vya ngazi ya kawaida, na kufanya bapa la mraba. Mabapa mawili au matatu hupandana, ioni za potasiamu zikiwa zimejipenyeza kati yao. Thioflavini T hulalia bapa la mwisho. Ikiwa huru majini, nusu zake mbili huzunguka kwenye kiungo kilicho kati yao, na nishati ya mwanga huishia kwenye mzunguko huo. Ikibanwa, haizunguki tena, kwa hiyo nishati hutoka kama mwanga wa samawati-kijani. Shika hilo la kubanwa, maana karibu kila udanganyifu wa kipimo hiki unaanzia hapo.

Tuanze na chupa yenyewe. Unga wa kawaida si safi: lebo nyingi husema rangi halisi ni asilimia 65 hadi 75 tu. Anayepima kwa mizani peke yake anajidanganya. Chukua miligramu 5, yeyusha katika mililita 10 za maji safi, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22 na mwaga matone ya kwanza, kwa sababu rangi hunata kwenye plastiki. Punguza mara 100, kisha soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 412, ugawe kwa 36,000 na uzidishe kwa 100 kurudi kwenye akiba. Unga wa asilimia 70 utakupa ufyonzaji wa takribani 0.39, yaani akiba ya milimola 1.1. Kwa hesabu ya mizani ungeandika 1.57 kwenye kichupa na kuishi na kosa hilo mwaka mzima. Funga kichupa kwa karatasi ya alumini, weka kwenye jokofu, na usome 412 upya kila unapotaka kukitumia.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Bafa ni Tris milimola 50, pH 7.5, pamoja na KCl (chumvi ya potasiamu) milimola 100. Weka DNA ya mikromola 2 humo, pasha nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika 5, zima kipashio na uache ipoe humo humo kwa saa kadhaa. Ukiweza, iache hadi asubuhi. Ikishapoa ndipo utie rangi hadi ifike mikromola 0.5 au 1. Mpangilio huu usiugeuze. Kundi la Mumbai lenyewe lilionyesha kwamba rangi hii inaweza kuisukuma DNA ya telomea ijikunje hata pasipo chumvi. Ukiitia kabla ya kukunja, hutajua kilichokunja ni potasiamu au ni rangi yako. Subiri dakika 15 gizani, angaza kwa nanomita 425, soma kwenye 490, jotoridi 25. Tumia sahani nyeusi, maana sahani angavu huvujisha mwanga wa kisima kimoja hadi cha jirani.

Kwenye sampuli linganishi ndiko wengi wanakoteleza. Ya kuwaka iwe ile ya jeni la c-MYC, TGAGGGTGGGTAGGGTGGGTAA; hii hukunjika vizuri na haisumbui. Ya kutowaka iwe mfuatano huo huo, G ya katikati katika kila kundi la tatu ikiwa imebadilishwa kuwa T: TGAGTGTGTGTAGTGTGTGTAA. Kuna wanaoona inatosha kubadilisha KCl kwa LiCl (chumvi ya lithiamu) na kuita hiyo sampuli hasi. Kwa DNA dhaifu inaweza kukubali, lakini c-MYC ni shupavu, potasiamu kidogo tu inaitosha. Na potasiamu hiyo huingia kwa mlango wa nyuma: kwenye KOH iliyotumika kurekebisha pH, kwa mfano. EDTA ya kawaida, kinasa-metali cha kwenye bafa, nayo huja na sodiamu. Kama lazima utumie lithiamu, rekebisha pH kwa HCl au LiOH, na EDTA iache kabisa.

Mwako wa uongo hutoka wapi? Gliseroli ndiyo ya kwanza kushukiwa. Inafanya myeyuko uwe mzito, rangi hushindwa kuzunguka, kisima kinang'aa bila G4 yoyote. Vimeng'enya vingi huuzwa ndani ya gliseroli ya asilimia 50, hivyo anayejaribu kuona kama helikesi (kimeng'enya cha kufungua DNA) inafungua G4 anaweza kuona mwako ukipanda badala ya kushuka. Dawa yake ni kisima chenye kila kitu isipokuwa DNA, gliseroli kwa kiasi kile kile. Sabuni kama SDS nazo huibana rangi. Halafu zipo DNA zisizo G4 ambazo rangi inazipenda: nyuzi zilizojaa GA, na ngazi za kawaida zenye pengo palipong'oka besi. Kwa upande wa pili, G4 fupi zenye nyuzi zinazopishana mwelekeo, kama aptama ya thrombini (kipande cha DNA kinachoshika protini hiyo) GGTTGGTGTGGTTGG yenye mabapa mawili tu, hazifikii mwako wa c-MYC. Ukiona hafifu usiseme haipo.

Na hata ikiwaka sawasawa, haikuambii umbo. Telomea ya binadamu AGGGTTAGGGTTAGGGTTAGGG ni mfano unaotosha. Ndani ya sodiamu, Wang na Patel waliionyesha mwaka 1993 kwa NMR ikiwa kama kikapu, nyuzi zikipishana. Mwaka 2002 Parkinson, Lee na Neidle wakaikuta kwenye fuwele yenye potasiamu ikiwa kama propela, nyuzi zote nne zikielekea upande mmoja. Herufi ni zile zile 22. Ziko kwenye PDB, hifadhi ya maumbo ya molekuli, kama 143D na 1KF1. Zifungue kwenye skrini moja uone zilivyo mbali. Umbo utalipata kwa mashine ya dikroizimu duara, inayolinganisha ufyonzaji wa mwanga unaozunguka kulia na kushoto: kilele kwenye 264 na bonde kwenye 240 ni nyuzi sambamba, kilele kwenye 295 na bonde kwenye 260 ni nyuzi zinazopishana. Kama huna mashine hiyo, spektrofotomita yenye kipashio inasaidia: fuatilia 295 ukipandisha joto. G4 ikiyeyuka ufyonzaji hapo hushuka, kinyume na ngazi ya kawaida kwenye 260. Haioneshi umbo, lakini ni shahidi asiyehitaji rangi.

Mahali ambapo thioflavini T inatupendeza zaidi ni kwenye jeli. Tia KCl milimola 10 kwenye jeli ya akrilamaidi na kwenye bafa ya kuendeshea, endesha kwa volti ndogo kwenye chumba cha baridi kwa kuwa chumvi huongeza joto, kisha loweka jeli kwenye rangi ya mikromola 5 kwa dakika 20 na suuza kwa maji. Piga picha, halafu paka upya kwa rangi ya DNA yote. Mstari unaoonekana mara zote mbili ni wa kufuatilia. Mstari mzito unaochelewa juu mara nyingi ni nyuzi nne tofauti zilizoungana, si uzi mmoja uliojikunja. Punguza DNA uone kama utatoweka.

NMM, rangi nyingine ya G4, ni mshindani wake wa karibu: huangazwa kwenye 399 na kusomwa kwenye 610, na huchagua zaidi G4 sambamba. Kama swali lako ni la nyuzi sambamba tu, nunua hiyo. Kwa kupepeta mifuatano mingi, tuseme ile ya telomea ya kimelea cha malaria yenye marudio ya GGGTTTA na GGGTTCA, thioflavini T inabaki chaguo la kwanza. Ila usishawishike na chupa kubwa. Kisima cha mikrolita 100 chenye mikromola 0.5 kinakula pikomoli 50, hivyo gramu moja ya unga wa asilimia 70 inatosha visima zaidi ya milioni 40. Nunua ndogo kuliko zote wanazouza.