Blanketi la Kauri kwa Tanuri: Lipi Ununue Kwanza, Lipi Uliache Dukani

Blanketi la kauri ni mkeka wa nyuzi zinazostahimili moto, unaotandazwa ndani ya tanuri kuzuia joto lisitoke. Namba iliyoandikwa kwenye katoni yake si joto la kufanyia kazi, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa Industrial Area, Nairobi, hupoteza pesa. "1260" maana yake ni kwamba blanketi likikaa saa 24 kwenye digrii 1260 za Selsiasi, halisinyai zaidi ya asilimia 4. Tanuri la kuwashwa kila siku lataka nafasi ya kupumua: punguza digrii 100 hadi 150 kwenye namba hiyo, ndipo ujue unanunua nini.

Kisha jiulize unachoma nini. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660, shaba nyekundu 1085. Vyungu vya udongo wa kawaida huiva kati ya 1000 na 1100, na vile vigumu visivyopitisha maji hufika 1280.

1. Silikati ya kalsiamu na magnesiamu. Kwa mafundi wanaosubu alumini, kwa oveni za mikate na kwa matanuri ya udongo ya joto la wastani, hili ndilo la kwanza, wala si kwa sababu ya joto. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huyeyuka na kutoka mapema kuliko za aina nyingine. Kazi yake ya kila siku ni hadi takriban digrii 1050. Udhaifu wake ni kemikali: mvuke wa magadi na jivu la kuni huzila nyuzi, kwa hiyo tanuri la kuni lisilopakwa kitu juu ya blanketi litachakaa haraka.

2. Alumina na silika, daraja la 1260. Ndilo wauzaji wengi wanalomaanisha wakisema "ceramic". Lina alumina (oksidi ya alumini) na silika (madini ya mchanga) karibu nusu kwa nusu, na hustahimili digrii 1100 hivi kila siku. Ni zuri, ila shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka nyuzi hizi katika kundi la 2B, yaani huenda zikasababisha saratani kwa binadamu. Likishapikwa muda mrefu kwenye digrii 1000 na zaidi, hugeuka kuwa gumu na kukatika, na ndani yake huota fuwele za kristobalaiti, aina ya silika, ambazo vumbi lake ni baya kuliko la blanketi jipya.

3. Lenye zirkonia (oksidi ya zirkoni), daraja la 1400 au 1430. Linunue kwa vyungu vya digrii 1280 na kwa tanuri la mhunzi. Si lazima tanuri zima liwe la aina hii: weka tabaka moja upande wa moto, nyuma yake weka la bei nafuu.

4. Nyuzi za mulaiti (madini ya alumina na silika) au alumina tupu, daraja la 1600. Ni za maabara na viwanda vya chuma. Karakana ya kawaida haizihitaji.

Liache: sufi ya mawe kwa upande wa moto. Gundi yake huanza kuungua kwenye digrii 250 hivi. Yafaa nyuma kabisa, au kwenye mabomba ya mvuke.

Ukifika dukani, beba mizani. Bunda la unene wa milimita 25, upana sentimita 61 na urefu mita 7.32, likiwa na msongamano wa kilo 128 kwa mita ya ujazo, lina uzito wa kilo 14 na kidogo. Mizani ikisoma kilo 10 au 11, umepewa la msongamano wa kilo 96, ambalo hupitisha joto zaidi na kuchanika upesi. Omba kipande, ukichome kwa bana ya gesi: sufi ya kioo huyeyuka na kujikunja, sufi ya mawe hutoa moshi wenye harufu ya gundi, la kauri huwaka jekundu likabaki vilevile.

Ukitengeneza tanuri kwa pipa la lita 200 lililokatwa kimo cha sentimita 61, tabaka mbili za ukuta hula takriban mita 3.4 za bunda, na sakafu pamoja na kifuniko mita 2.2. Bunda moja linatosha na kubakisha. Kata kila kipande kikiwa kirefu kwa sentimita 2, ukibane kikae kwa nguvu, kwa sababu kitasinyaa. Viungo vya tabaka la pili visikutane na vya la kwanza, la sivyo moto utapenya na kulitoboa pipa. Funga kwa waya wa stenlesi. Ule wa mabati hutoa moshi wa zinki.

Nyunyiza maji ya silika ya kukazia, acha yakauke kabisa, halafu paka udongo wa kinzamoto unene wa milimita 5 hivi. Mhunzi anayetumia boraksi, unga wa kusafishia chuma kinapounganishwa kwa moto, asiruke hatua hii: boraksi iliyoyeyuka hutoboa blanketi kama maji kwenye sukari.

Unapokata, vaa barakoa ya FFP3 au P100 (madaraja ya kuchuja vumbi laini kabisa), glavu na mikono mirefu. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Ukibomoa tanuri kuukuu, lilowanishe kwanza, usifagie kavu, na mabaki yafunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki.