Sapoti ya goti yenye vyuma: uzoefu wangu hapa Moshi

Nina ugonjwa wa Ehlers-Danlos, ile aina ya viungo kulegea. Kolajeni, ile protini inayotakiwa kushikilia viungo vyangu, haijakaza, kwa hiyo goti linapitiliza kwa nyuma, na pia ya goti inaweza kuhama nikigeuka tu jikoni kuchukua mwiko. Daktari alinipima kwa kunikunja vidole vidogo, gumba, viwiko na magoti, kisha akaniambia niinamie viganja viguse sakafu. Nikapata alama 8 kati ya 9 za kulegea. Aina hii bado haina kipimo cha damu wala dawa ya kuiponya, ndiyo maana hela zangu zinaishia kwenye vifaa.

Sapoti yenyewe ni ya kitambaa kizito cha mpira, ina tundu mbele na vyuma viwili vya bawaba pembeni. Nilinunua Sh 55,000 duka la vifaa tiba mjini. Ile ya kuvuta kama soksi, ya Sh 12,000, ninayo pia. Nyumbani inatosha, barabarani haizuii kitu.

Kazi ya vyuma utaiona ukishuka daladala. Konda anapiga bodi "shusha!", gari bado linatambaa, unakanyaga chini na goti linaanza kurudi nyuma. Hapo bawaba inagota na goti linasimama palepale. Zamani hapo ndipo ningepiga kelele stendi nzima igeuke.

Maumivu hayaishi, tusidanganyane. Mimi kifaa nakipima kesho yake. Kuzunguka soko la Mbuyuni asubuhi moja kulikuwa kunanilaza siku inayofuata, hata ndoo ya maji naomba niletewe. Siku hizi nikienda nimevaa, kesho yake naamka naumwa, lakini nafua.

Sasa kero zake. Januari na Februari joto la Moshi linaifanya iwe tanuri, na ngozi zetu sisi wa ugonjwa huu huchubuka upesi, kwa hiyo ndani navaa taiti nyepesi ya pamba. Velkro, ile ya kufungia kwa kunata, inanasa kanga na kuifumua nyuzi. Ikishajaa vumbi haishiki tena. Fundi cherehani wa jirani aliniwekea mpya kwa Sh 3,000, na yake inashika kuliko ya kiwandani. Kupiga magoti nayo, sahau. Kanisani nabaki nimekaa, na kuna mama alinikazia macho ibada nzima mpaka nikainua sketi kidogo akaona chuma. Akaniletea maji ya kunywa, masikini.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinikataza kushinda nayo kutwa, misuli ya paja isije ikazembea. Naivaa kwa safari tu. Nyumbani nakunja taulo, naliweka chini ya goti, nalikandamiza huku nimekaza paja, nahesabu mpaka tano, naachia. Bila hilo zoezi nisingeisifu sapoti hii hivi.

Ukienda kununua, usichukue kwa kukisia. Simama, upimwe mzunguko wa paja juu kidogo ya goti kwa futi ya fundi, halafu uivae na utembee mpaka mlangoni na kurudi. Ikishuka, ni kubwa. Mguu ukifa ganzi, ni ndogo. Saizi ya kati ilikuwa imeisha nilipopita juzi, dada wa dukani akasema mzigo unatoka Dar mwisho wa mwezi.