Filamu za Zamani kwenye Diski: Ununue Toleo Gani Kama Jalada Unalijali

Kwenye mitandao ya kulipia, filamu ya mwaka 1955 huwekwa na kuondolewa kulingana na mikataba. Leo ipo, mwezi ujao huioni. Ndiyo sababu tungali watu tunaonunua diski. Na kati yetu wapo ambao jalada baya huwakera kweli, mpaka wakaiacha dukani filamu waipendayo kwa kuwa imevalishwa vichwa vya waigizaji vilivyokatwa na kubandikwa kwa kompyuta juu ya anga la buluu. Nawaandikia hao.

Tuanze na kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imefungiwa, maana jalada zuri lenye diski isiyosoma halina faida. Blu-ray, diski zilizokuja baada ya DVD zikiwa na picha safi zaidi, ziligawiwa kanda tatu. Kanda A ni Amerika yote, Japani na Asia ya Kusini-Mashariki. Kanda B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand. Kanda C ni India, China, Urusi na majirani zao. Kwa hiyo aliyeko Mombasa, aliyeko Muscat na aliyeko London wote wako B, na diski iliyotolewa Uingereza itasoma kwa wote watatu. Aliyeko Toronto yuko A. Mashine nayo ina kanda yake: PlayStation iliyotoka Dubai au Ulaya husoma Blu-ray za B, iliyotoka Marekani husoma za A, popote utakapoichomeka. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko ya Blu-ray, hazina kanda kabisa, lakini zinataka mashine yake. PS4 haizisomi, hata ile ya Pro. PS5 yenye mlango wa diski inazisoma, na Xbox Series X pia.

Kwa DVD mambo ni mepesi zaidi. Kwa maandishi, Kenya, Tanzania na Uganda ziko kanda ya 5, Uingereza ya 2 na Marekani ya 1, lakini deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu husoma zote.

Sasa jalada lenyewe. Kuna jambo moja la vipimo ambalo likikukaa kichwani utaona mwenyewe kwa nini majalada mengi ya filamu za zamani hayapendezi. Bango la kawaida la sinema ya Marekani lilikuwa na upana wa sentimita 69 hivi na urefu wa 104. Ni umbo refu, jembamba. Uso wa kasha la DVD ni karibu sentimita 13 kwa 18, kwa hiyo ukilipunguza bango hilo linaingia bila kuumia sana. Uso wa Blu-ray ni karibu 13 kwa 15, unakaribia mraba. Bango halienei. Mbunifu atakata juu na chini, au atalibana katikati na kujaza rangi pembeni, au atavuta herufi za jina mpaka zifunike picha. Juu ya hapo kasha la kawaida la Blu-ray ni la buluu na lina ukanda wa nembo juu, buluu ambayo hugombana na rangi nyekundu na za udongo za mabango ya zamani.

Mabango machache hustahimili kupunguzwa. Mbunifu wa Marekani Saul Bass alipochora lile la filamu ya Vertigo mwaka 1958, aliweka rangi ya chungwa, mzunguko mweupe na watu wawili wadogo katikati. Hata likiwa la ukubwa wa kiganja unalitambua. Mabango ya rangi za mafuta yaliyojaa farasi, majumba na nyuso sita hayana bahati hiyo. Kwa hiyo sikubaliani na wakusanyaji wanaodai kwamba bango la asili ndilo jalada bora siku zote. Bango lilichorwa kwa ukuta wa barabarani. Jalada la Blu-ray ni la kushikwa mkononi, na anayestahili fedha yako ni yule aliyelifikiria upya kwa umbo hilo. Kwa kipimo hicho nimezipanga hivi kampuni zinazotoa diski, na mwishoni aina mbili za matoleo.

1. Criterion Collection (Marekani)

Bado ndio wa kwanza. Walianza mwaka 1984 na diski kubwa za leza, Citizen Kane na King Kong. Diski hizo zilikuwa na upana wa sentimita 30 na mifuko mikubwa kama ya santuri za muziki, na nadhani mazoea ya kuheshimu jalada yalitoka huko. DVD wakaanza 1998, Blu-ray 2008, 4K mwaka 2021. Kwa kila filamu humpa mbunifu au mchoraji kazi ya kutunga jalada jipya, na mwaka 2014 walichapisha kitabu kizima cha majalada yao pamoja na michoro iliyokataliwa. Kasha lao ni la plastiki angavu, halina buluu, hivyo picha inaonekana mpaka ukingoni na hata upande wa ndani wa karatasi huchapishwa. Kila toleo lina namba mgongoni. Seven Samurai ni namba 2. Namba hizo ndizo zinazowatia watu uchu wa kujaza rafu, na hapo jihadhari: nunua filamu, usinunue namba.

Kwa msomaji wa Afrika kuna sababu nyingine ya kuwaweka juu. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973, ipo kwao. Filamu za Ousmane Sembène zipo pia, ikiwemo ya mwaka 1966 kuhusu msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kuwa mtumishi wa ndani. Nafurahi kuona kazi hizi zimepewa karatasi nzuri na makala za kueleweka kama walivyopewa Wasweden na Wajapani. Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu hata kupata nakala inayotazamika.

Kasoro zao ni mbili. Blu-ray za Marekani zimefungwa kanda A. Matoleo ya Uingereza, ya kanda B, yalianza 2016, lakini si kila filamu imo. Njia ya kukwepa ni kununua toleo la 4K, ambalo diski yake haina kanda, ingawa Blu-ray inayofungashwa nayo itabaki ya A. Kasoro ya pili ni bei: dola 39.95 kwa Blu-ray na 49.95 kwa 4K, kabla ya usafiri na kodi ya forodhani. Mwenye ndugu Marekani amwombe angoje Julai au Novemba, maduka ya Barnes & Noble yanapouza Criterion zote kwa nusu bei. Tofauti hiyo inatosha kulipia filamu ya pili.

Si kila jalada lao linanipendeza. Mara nyingine mbunifu hujionesha yeye zaidi ya filamu, akakupa umbo tupu la rangi mbili ambalo lingeweza kuwa la filamu yoyote. Tazama jalada kabla ya kulipa, na ukiona toleo jipya la 4K la filamu uliyonayo, linganisha kwanza, kwani jalada huweza kubadilishwa.

2. Radiance na Arrow (Uingereza)

Kwa anayeishi kanda B na hana mashine ya 4K, hawa wapande juu ya Criterion, bila kusita.

Uingereza kuna sheria ya mwaka 1984 inayodai kila kasha la video liwe na alama ya rika la watazamaji kutoka bodi ya BBFC. Ndiyo ile duara au pembetatu yenye rangi, imekaa kwenye kona ya mbele na mgongoni, na hakuna mchoro inaoupendezesha. Radiance, waliofungua milango mwaka 2022, wamelitatua vizuri kuliko wote. Alama na maandishi ya biashara huwekwa kwenye utepe wa karatasi unaozunguka kasha, ule ambao Wajapani huuita obi. Ukiuvua, jalada linabaki safi. Karatasi ya ndani nayo ina pande mbili, upande mmoja mchoro wa sasa na wa pili uliotokana na bango la asili, hivyo wewe ndiye unayeamua lipi likae mbele. Wao hushughulika sana na filamu za Japani, Italia na Ufaransa za miaka ya 1960 na 1970, nyingi hazijulikani na watu wengi, na wamenifundisha majina mengi. Matoleo yao ya mwanzo kwa kawaida ni nakala 3,000 na kijitabu kimo humo tu. Yakiisha hufuata toleo la kawaida, lisilo na kijitabu.

Arrow ndio walioizoesha soko karatasi hiyo ya pande mbili. Sifa yao ilijengwa na filamu za kutisha na za mapigano, na michoro yao mipya mara nyingi ni ya kelele: damu, taa za rangi, macho makubwa. Mwenye kuipenda ataipenda. Mimi huigeuza karatasi, naweka bango.

Hapo hapo neno moja kuhusu Ujerumani. Alama za rika za bodi yao, FSK, ni kubwa kuliko za Uingereza na hufunika kona nzima. Wauzaji wengi huko huchapa jalada lisilo na alama upande wa pili, na huliita Wendecover. Neno hilo likikosekana kwenye maelezo ya bidhaa, uliza kabla ya kulipa.

3. BFI na Masters of Cinema (Uingereza)

Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, ilianzishwa 1933 na ina hazina yake ya filamu, hivyo majalada yake mara nyingi hutumia picha zilizopigwa wakati filamu inatengenezwa. Ni ya utulivu, wakati mwingine ya kiofisi mno, lakini hayachoshi. Vijitabu vyao ndivyo vya kununulia, na aghalabu hutiwa kwenye uchapishaji wa kwanza tu, kwa hiyo ukinunua kwa mtu uliza kama kimo. Masters of Cinema, wa kampuni ya Eureka, huvisha nakala za mwanzo ala ya karatasi ngumu yenye mchoro mpya. Nakala hizo zikiisha, ala haichapwi tena.

4. Warner Archive (Marekani)

Hapa hakuna mchoraji mpya. Unapewa bango la asili lililorekebishwa kidogo, kasha la buluu, wala kijitabu hakuna. Kwa nini basi liko la nne? Kwa sababu picha zao zimesafishwa kwa uangalifu mkubwa, hasa filamu za rangi za miaka ya 1940 na 1950, na kwa sababu Blu-ray zao mara nyingi hazina kufuli la kanda. Rekebisho ni dogo: nunua makasha matupu ya plastiki angavu, hamishia karatasi humo, na bango linapumua papo hapo. Sharti moja: nunua Blu-ray. Walipoanza mwaka 2009 waliuza DVD zilizochomwa moja moja kwa kila mteja, na diski ya kuchomwa haina maisha ya ile iliyopigwa chapa kiwandani.

5. Makasha ya chuma

Yanang'aa dukani. Hubonyea njiani, hukwaruzika, na mwenye nyumba karibu na bahari anajua upepo wa chumvi unavyofanya vyuma. Nayapitisha tu pale mchoro wake haupatikani kwingine, na yakae ndani ya mfuko wa plastiki.

6. DVD za mitumba

Ziko mwisho kwa sababu ya picha, si kwa sababu ya jalada. Kwa jalada, kama nilivyosema, umbo la DVD ndilo lililo karibu zaidi na bango, na zipo filamu ambazo jalada lake zuri liko kwenye DVD ya mwaka 2002 na halikurudi tena. Nunua, ila ujue unanunua nini. DVD ya Uingereza kwa kawaida huendesha filamu kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 100 huisha kwenye dakika 96 na sauti hupanda kidogo. Sikio la mtu wa muziki hulisikia hilo.

Diski nazo huoza. Warner Bros. wenyewe walikiri mwaka 2025 kwamba baadhi ya DVD zao zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zina hitilafu. Usikubali kujaribiwa dakika mbili za mwanzo pale dukani. Diski yenye tabaka mbili huweza kuanza vizuri na kukwama katikati, basi ruka mpaka nusu ya filamu, kisha karibu na mwisho. Igeuze kwenye mwanga utafute ukungu. Kasha lililovunjika si tatizo, linabadilishwa kwa fedha kidogo. Karatasi iliyopauka, iliyotobolewa au yenye gundi ya kibandiko cha duka la kukodisha haibadilishwi, na hapo ndipo pa kuteremshia bei.

Nakala za kuchomwa za barabarani sikuzipa namba. Jalada lake ni picha ya picha, iliyochapwa kwa wino unaotoka na kidole chenye jasho, na waliotengeneza filamu hawapati chochote.

Ukishanunua, adui wa pwani ni unyevu na jua. Diski zisimame wima. Rafu isitazame dirisha, maana rangi nyekundu na njano za mgongoni hupauka kwanza. Vijitabu hupata madoa ya ukungu kabla ya diski kudhurika, basi acha nafasi ya hewa nyuma ya rafu na weka vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, uvibadilishe vikichoka. Na unapoagiza kutoka nje, mwandikie muuzaji atume kwa boksi, asitume kwa bahasha yenye povu, kwani ala za karatasi huvunjika pembe kwenye bahasha. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na forodha inaweza kuikokotoa pamoja na gharama ya usafiri. Hesabu hayo yote kabla ya kuona kuwa bei ya London ni rahisi.